Choo Kinachocheza: Nilivyobadilisha Flanji na Mbao Zilizooza Chini Yake

Nyumba yetu ya Columbus, Ohio, ilijengwa miaka ya 1950, na kama nyumba nyingi za huku, ni mbao tupu juu ya msingi wa zege. Choo cha ghorofani kiko juu ya jiko. Tulipoinunua, sinki la choo hicho lilikuwa linacheza kidogo: ukikaa linaegemea kushoto, ukiinuka linarudi. Waliokuwa na nyumba kabla yetu walilizungushia silikoni nene pande zote, na kwa macho lilikuwa safi kabisa. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga, hakulivumilia hata kidogo. "Mwanangu, choo hakichezi," aliniambia. "Kikicheza, kuna kitu chini kimeachia. Na lile doa la darini jikoni mmeliona?"

Tulikuwa tumeliona. Doa la kahawia, lenye ukingo mweusi kidogo, na kila mwezi lilikuwa limetanuka. Fundi bomba wa kwanza tuliyemwita alikitikisa choo kwa mguu, akasema atabadilisha pete ya nta, ile inayoziba kati ya choo na bomba, na kila kitu kitakuwa sawa. Bei aliyotaja ilinifanya niombe muda wa kufikiri. Jioni ile nilimweleza jirani yangu, Mrundi aliyekulia mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye ameshika kazi za ujenzi huku kwa miaka mingi. Akacheka kidogo, kisha akawa makini. "Ndugu yangu, akiweka nta mpya juu ya mbao zilizooza, mwakani mtaitana tena. Anza chini."

Anza chini. Nikisema chochote hapa kitakachomfaa mtu, ni hicho, na ninakisema kwa sababu ndugu zetu wengi huku wananunua nyumba za zamani na wanalipia pete ya nta tena na tena, wakati nta siyo ugonjwa.

Sisi tuliokulia pwani tumezoea choo kilichofungwa kwa namna nyingine. Kule sakafu ni zege na vigae. Sinki la kukaa linafungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye plagi, au fundi analikalisha kwa saruji, na mdomo wake unaunganishwa na bomba kwa kiungio cha mpira au kuzibwa kwa saruji. Marekani na Kanada sakafu ya ghorofani ni mbao, na kinachounganisha choo, bomba na sakafu ni flanji: pete bapa iliyokaa juu ya mdomo wa bomba la maji taka la inchi 3 au 4, yenye mianya miwili ya bolti, mmoja kushoto na mwingine kulia. Flanji inafungwa kwa skrubu kwenye mbao za sakafu. Vichwa vya bolti vinaingia kwenye mianya, bolti zinasimama wima, sinki linashushwa juu yake, na nati zinalikaza. Kati ya sinki na flanji kuna pete ya nta, basi. Hakuna saruji wala gundi.

Nta ile ni laini na inaziba vizuri sana, lakini ukishaikandamiza haifutuki tena kama mpira. Inachukua umbo mara moja na kubaki hivyo. Sinki likisogea hata kidogo, nta inasukumwa pembeni, na linaporudi mahali pake pengo limeshabaki. Kila ukivuta maji, matone machache yanapita pale. Hayatoki nje kwa sababu silikoni imeyafungia, kwa hiyo yanazama kwenye mbao. Mbao zikilainika, skrubu za flanji zinakosa pa kushika, sinki linacheza zaidi, na nta inaachia zaidi. Kwa hiyo ukiona choo kinatikisika, usisubiri maji. Kutikisika kunatangulia.

Kitu kingine kinachotangulia ni harufu. Ndani ya sinki kuna mkunjo ambao daima umejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya bomba isipande chumbani. Nta ikiachia, hewa inapita pembeni ya mkunjo. Ina haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai bovu, na ina methani inayoshika moto. Kama mmesafisha choo vizuri na harufu inarudi baada ya saa chache, wacheni kununua manukato, chunguzeni chini ya sinki.

Mimi nilianza na dari la jikoni. Jipsamu iliyoloa haina faida tena, lazima ibadilishwe, kwa hiyo nilikata mraba kuzunguka doa na kuutoa. Nilipomulika tochi juu niliona bomba jeusi la chuma cha kusubu likipinda kuelekea ukutani, boriti mbili za mbao, moja kila upande, na kati yake mbao za sakafu zilizogeuka rangi. Nikachoma kwa bisibisi. Karibu na bomba iliingia yenyewe, bila kusukumwa, na ikatoka na nyuzinyuzi nyeusi zilizolowa. Nikaenda nikichoma kuelekea nje hadi ilipogonga mbao ngumu na kukataa. Pale nikachora mstari kwa chaki. Boriti zenyewe zilikuwa na unyevu juu tu, ndani ngumu. Hilo lilinipa moyo wa kuifanya kazi mwenyewe, maana boriti iliyooza inataka seremala wa kuiunganishia nyingine ubavuni, na hapo ningemwachia mwenye ujuzi.

Kabla ya kubandua sakafu kuna jambo ambalo sitaki mtu aliruke. Nyumba za Marekani za kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi zina asbesto kwenye vigae vya plastiki vya sakafuni, kwenye zulia la plastiki au kwenye gundi ya chini yake. Asbesto iliyotulia haina shida kubwa. Ikikatwa, ikasagwa au ikavunjwa, vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki. Nilikata kipande kidogo nikiwa nimekilowesha, nikakifunga kwenye mfuko, nikakipeleka maabara, na sikugusa sakafu mpaka majibu yaliporudi safi. Kama yasingerudi safi, ningesimama hapo hapo na kuita watu wenye leseni ya kazi hiyo. Kuna watoto ndani ya nyumba.

Kutoa sinki ni kazi ya nguvu kuliko akili. Unafunga koki iliyoko ukutani, unavuta maji, unakausha tenki na sinki kwa sponji, unafungua mpira wa maji. Tenki unalitoa kwanza, kwa sababu sinki na tenki pamoja vinakaribia kilo 40 na kauri haisamehi ikidondoka. Nati zetu za chini zilikuwa zimeshikana na kutu, nikazikata kwa msumeno wa chuma kati ya nati na kauri, taratibu, bila kupiga nyundo. Silikoni nikaipitisha kisu kuzunguka. Mke wangu akashika upande mmoja, tukainua juu moja kwa moja na kulilaza sinki kwenye makaratasi magumu.

Chini yake palikuwa na pete mbili za nta, moja juu ya nyingine. Niliwahi kusikia kuhusu jambo hili, sasa nikaliona. Mtu aliyeweka sakafu mpya juu ya ile ya zamani aliifanya flanji ibaki chini ya usawa wa sakafu, na badala ya kuipandisha akajaza pengo kwa nta. Nta mbili zinaweza kuteleza moja juu ya nyingine. Flanji inatakiwa ikae juu ya sakafu iliyokamilika, uso wake ukiwa umepanda kama robo inchi juu ya kigae au zulia lako. Ikiwa iko chini, ziko pete za kuongeza kimo zinazofungwa juu yake kwa skrubu, na hazina bei kubwa. Yetu hata pete hizo zisingeisaidia: ilikuwa chuma, imeliwa na kutu, na mwanya mmoja wa bolti ulikuwa umekatika kabisa. Upande wa kushoto. Ndiyo maana sinki lilikuwa likiegemea huko.

Jambo la kwanza baada ya kukwangua nta ni kuziba bomba. Chukua tambara kubwa, lifunge kamba ndefu, lisukume ndani, na mwisho wa kamba uufunge mahali usipoweza kuanguka. Linazuia hewa chafu na linazuia nati, skrubu na vipande vya chuma visitumbukie. Halafu vaa glavu na safisha. Ukitumia dawa ya klorini usiichanganye na kitu kingine chochote, hasa dawa ya choo yenye asidi au sabuni yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na choo ni chumba kidogo.

Kuiondoa ile flanji ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Mafundi wa zamani waliunganisha mabomba ya chuma kwa kushindilia nyuzi za katani zenye lami kwenye mwanya kati ya bomba na flanji, kisha wakamimina risasi iliyoyeyushwa juu yake na kuigonga ishike. Nilitoboa risasi kwa drili matundu yaliyokaribiana kuzunguka pete, nikaichokoa kwa tindo nyembamba, nikiwa nimevaa barakoa na glavu, maana risasi ni sumu na vumbi lake halitakiwi kubaki kwenye nyumba ya watoto. Chini yake nyuzi zikatokea, ndefu, nyeusi, bado zina harufu ya lami. Mimi nimekua nikiwaona mafundi wa majahazi wakikalafati vyombo ufukweni, wakishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao kwa tindo butu na nyundo ya mti, na kazi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ni ileile: mtu alikaa chini na kuzisukuma nyuzi hizi kwa mkono, kidogo kidogo, akizunguka. Kiungo chake kilikuwa bado kizima. Kilichokufa ni sikio la flanji na mbao, kwa sababu ya maji yaliyotoka juu. Nilizitoa nyuzi zile kwa heshima.

Risasi nikaikusanya kwenye kopo kwa ajili ya kituo cha taka zenye sumu, nikafuta sakafu kwa tambara lenye maji badala ya kufagia.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya seremala. Nilirudi kwenye mstari wa chaki na kukata mbao zote laini, na nikasogea nje zaidi hadi katikati ya boriti kila upande, ili plaiwudi mpya ipate pa kukalia na kupigiwa skrubu. Hapa wengi wanabana. Wanakata palipooza tu, kisha kipande kipya kinaning'inia bila kitu chini yake, na sinki linacheza kama mwanzo. Kati ya boriti nilifunga vipande vya mbao vya kukingama, viwili, mbele na nyuma ya bomba, kwa kuwa huko ndiko uzito wa mtu unakoshukia. Kabla ya kufunika niliacha feni ikipuliza mpaka boriti zikakauka kabisa. Mke wangu alinisukuma nimalize, maana tulibaki na choo kimoja cha chini na nyumba ina watu wengi. Lakini mbao yenye unyevu ukiifunika unaifugia ukungu, nikamwomba avumilie, akavumilia.

Plaiwudi ya robo tatu inchi nikaikata vipande viwili vinavyokutana kwenye bomba, kila kimoja na nusu duara yake, na mahali vinapokutana pakawa juu ya vile vipande vya kukingama. Nikaweka zulia la plastiki jipya kwanza, ndipo flanji. Mpangilio huu ni muhimu: sakafu iliyokamilika, halafu flanji juu yake. Ukifanya kinyume unarudi kwenye tatizo la nta mbili.

Kwa bomba la chuma la inchi 4 nilichagua flanji ya plastiki inayoingia ndani ya bomba ikiwa na mpira kuzunguka shingo yake. Ukikaza bolti zake, mpira unabanwa na kutanuka hadi unashika ukuta wa bomba. Haihitaji moto wala risasi. Nilisugua ndani ya bomba kwa brashi ya waya mpaka kutu ikaisha, maana mpira haushiki vizuri juu ya magamba ya kutu. Wenye mabomba ya plastiki wanagundisha flanji kwa gundi ya bomba, na hao lazima wawe waangalifu zaidi yangu, kwa sababu gundi ile inashika kwa sekunde chache: wapange mahali pa mianya ya bolti kwanza, waweke alama kwa kalamu, ndipo wapake. Na gundi ya plastiki nyeupe siyo ya plastiki nyeusi. Soma kopo.

Kuhusu mianya: bolti mbili zikisimama, mstari unaoziunganisha uwe sambamba na ukuta wa nyuma, la sivyo choo kitakaa upogo. Masinki mengi ya huku yametengenezwa kwa umbali wa inchi 12 kutoka ukutani hadi katikati ya bolti. Pima kutoka kwenye ukuta wenyewe, usipime kutoka kwenye ubao wa chini ya ukuta. Kisha funga flanji kwenye sakafu kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, katika matundu yote iliyopewa. Nilipomaliza, niliishika kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea. Jirani yangu akaja, akaivuta naye. Akatikisa kichwa kukubali, akaomba chai.

Pete ya nta isiwe ya baridi. Ohio wakati wa baridi, ukiitoa garini moja kwa moja, ni ngumu na haikai vizuri, kwa hiyo ilale ndani ya nyumba kwanza. Nilitoa tambara kwenye bomba (kamba ilinikumbusha), nikaweka pete juu ya flanji, na mimi na jirani tukalishusha sinki wima, matundu yakipita kwenye bolti bila kugusa nta kabla ya wakati. Likishagusa, hulinyanyui tena. Ukilinyanyua, pete hiyo imekwisha kazi, weka mpya. Unakaa juu yake na kuliacha lishuke kwa uzito wako, bila kulizungusha. Nati unazikaza kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia, na unaacha pale sinki linapotulia. Nguvu ya ziada inapasua kauri. Pimamaji ilionyesha mbele kuna uwazi mdogo, nikapenyeza kabari mbili za plastiki na kuzikata usawa wa sinki. Kabari ziwekwe kabla ya kukaza nati moja kwa moja, maana kauri iliyokazwa ikiwa imeegemea hewa ndiyo inayopasuka baadaye.

Sikupaka silikoni siku ile. Jikoni dari lilikuwa bado wazi, nikabandika karatasi ya jikoni kuzunguka bomba kwa chini na kuwaambia watoto watumie choo cha juu watakavyo. Karatasi kavu hugeuka rangi hata kwa tone moja, nayo ilibaki nyeupe. Baadaye ndipo nilipaka silikoni mbele na pembeni, na nyuma nikaacha uwazi. Siku flanji au nta itakapoachia, maji yatoke pale tuyaone mapema, yasifungiwe tena ndani ya mbao. Kisha nikaweka jipsamu mpya na mke wangu akapaka rangi dari lote, kwa sababu alisema kiraka kitaonekana.

Anayepanga nyumba asifanye haya. Apige picha ya doa na ya sinki linavyotikisika, amwandikie mwenye nyumba, na ahifadhi nakala ya alichoandika. Mbao za sakafu ni mali ya mwenye nyumba na wajibu wake.

Kaka yangu aliyeko Tanga alipoziona picha alinipigia. Choo chake cha nyumbani nacho kinatoa maji chini kila wakivuta, na akauliza kama anitumie pesa nimnunulie pete ya nta. Nikamwambia kwake haina kazi. Sinki lake liko juu ya kigae na zege, na mdomo wake uko nyuma, unaingia kwenye bomba kwa mpira. Nilimwomba afunge koki, akaushe sakafu, alishike sinki kwa mikono miwili na kulisukuma. Akasema linakwenda. Basi afungue skrubu, aangalie kama plagi zimelegea ndani ya zege, aweke plagi nene zaidi, na akishalitoa abadilishe na ule mpira wa nyuma hapohapo, kwa sababu umevutwa huku na huku muda wote sinki lilipokuwa likicheza.